Salamu za Sedani Nyeusi

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, fundi Pasikali Niyomwungere alilikalisha gunia la maharage kwenye kiti cha dereva cha sedani nyeusi, akalifunga mkanda, kisha akaweka pembeni yake ndoo yenye kilo mbili za mchanga. Gunia lilikuwa na kilo tisini. Mwenye gari, Sylvesta, alikuwa na kilo tisini na mbili, na Pasikali hakuwa mtu wa kupima magurudumu ya gari tupu halafu akamkabidhi mtu aliyeshiba. Gari hupimwa likiwa limebeba kile litakachobeba. Kanuni hiyo hakuiandika ukutani. Aliifuata tu, na kwa sababu hiyo watu walimletea magari yao Kasulu kutoka Kibondo, wakizipita gereji saba njiani.

Sedani ilikuwa ya Kijapani, ya aina ambayo zamani ilipakia makatibu wakuu na sasa inapakia wafanyabiashara. Kabla ya lami, gari kama hilo lisingeishi Kasulu. Matope mekundu ya masika yangelimeza hadi milangoni. Lami ilipofika, walifika pia watu waliotaka magari yao yaikaribie. Sylvesta alikuwa na machimbo ya kokoto upande wa Kitanga, na kokoto zake zililala chini ya sehemu kubwa ya barabara hiyo. Alitaka gari lishuke vidole vitatu.

"Mtu akiliona ajue limeketi, Wa Chini," alisema.

"Litashuka viwili na nusu," Pasikali alijibu. "Vitatu utapasua sampu ya oili kwenye tuta la sokoni."

"Basi kata springi tuone."

"Springi haikatwi, Wa Juu. Anayekata springi anakata na shingo yako. Agiza fupi kutoka Dar, pamoja na shokapu zake. Nitasubiri."

Waliitana Wa Juu na Wa Chini kwa miaka thelathini. Walikuwa wamelala katika kitanda kimoja cha ghorofa, katika shule ya bweni ya wavulana nje kidogo ya mji wa Kibondo, Sylvesta juu na Pasikali chini, tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Shule ile haikuwa na masihara. Kila Jumamosi kiranja wa bweni alivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, na kitanda ambacho mguu wake uliuvuka uzi kwa upana wa kidole kilimpeleka mwenyewe shambani kulima hadi adhuhuri. Mengi waliyofundishwa pale waliyasahau. Uzi Pasikali hakuusahau. Mashine ya kompyuta ya kupimia magurudumu ilikuwa mbali, Mwanza, naye hakuitamani. Alisimika vyuma viwili mbele ya gari na viwili nyuma, akavuta uzi kila ubavu, akahakikisha nyuzi zote mbili ziko sambamba na mwili wa gari, kisha akapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wake wa nyuma. Chini ya kila gurudumu alitandika vipande viwili vya plastiki vilivyopakwa grisi katikati, ili gurudumu ligeuke bila kubishana na sakafu.

Springi fupi na shokapu zake zilifika kwa basi siku ya nne. Alizifunga kwa siku moja, akaliacha gari likae siku tatu, kwa sababu springi mpya hudanganya kwanza na kusema ukweli baadaye. Lilipotulia, magurudumu yalikuwa yameinamia ndani kwa juu, kama yafanyavyo magari yote yaliyoshushwa, na yale ya mbele yalikuwa yanaangalia nje kwa milimita nne. Gari la namna hiyo hula matairi yake kwa ndani, mahali ambapo mwenyewe haoni, hadi siku yanapopasuka. Pasikali aliyarudisha kidogo kidogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, gunia la maharage likiwa limekaa kimya kwenye usukani.

Katika bweni lile lile la Kibondo, mvua ikipiga juu ya mabati wakati wa kipindi cha kujisomea, Pasikali alikuwa amemwambia Sylvesta jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine. Mama yake alivuka mto Malagarasi mwaka sabini na mbili akiwa na miaka kumi na minne, akitokea Burundi. Aliolewa Titye, upande huu wa mpaka, na Mha mwenye shamba la mihogo, naye ndiye baba yake Pasikali. Kaburi la baba huyo liko Titye, kando ya kaburi la babu. Sylvesta alijibu kwamba hata bibi yake yeye aliuvuka mto huo huo, mapema zaidi. Wakacheka, kisha wakaendelea na jiografia.

Miaka sita iliyopita Pasikali aliomba kitambulisho cha taifa. Aliambiwa alete barua ya mdhamini, mtu mwenye heshima anayemjua tangu utotoni, kama walivyoambiwa wengi wanaoishi karibu na mpaka. Sylvesta aliiandika barua siku hiyo hiyo, akaifunga kwa gundi, akaipeleka ofisini mwenyewe. Majirani walipata vitambulisho vyao. Pasikali aliambiwa asubiri, kwa kuwa kuna taarifa. Taarifa gani, hakuambiwa. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la jirani, na leseni ya gereji kwa jina la shemeji yake. Yote hayo aliyavumilia bila kulalamika, kwa sababu alilelewa hivyo. Lakini mwaka huu binti yake wa pekee, Ange, alichaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka namba ya kitambulisho cha mzazi kabla ya tarehe thelathini Septemba. Mama yake Ange alifariki kabla vitambulisho hivyo havijaanza kutolewa. Alibaki baba, na baba hakuwa na namba. Tarehe ikipita, nafasi ingepewa mwingine.

Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Septemba, saa tisa alasiri, kazi ya kunyoosha ikiwa haijaisha, walilitoa gari barabarani kulijaribu. Sylvesta aliendesha. Pasikali alikaa pembeni yake, kichwa kikiwa kimeinamishwa upande wa gurudumu, akisikiliza. Gari lilienda vizuri. Karibu na sokoni Mama Asmahani, mjane anayeuza mawese, alikuwa anavuka barabara na dumu lake. Sylvesta alikanyaga breki, gari likasimama mbele yake, kisha pua ya gari ikashuka taratibu hadi bampa likawa kiganja kimoja kutoka kwenye lami. Shokapu ziligonga mara tatu, mlio mkavu kama wa viganja viwili. Ndivyo Waha wanavyosalimiana: mdogo hushuka na kupiga makofi, na anayesalimiwa huitikia. Mama Asmahani aliweka dumu chini, akapiga makofi matatu.

"Mwidiwe," aliitikia kwa Kiha, akainua dumu lake, akaenda.

Gari likainuka na kurudi kwenye kimo chake.

"Umefunga shokapu gani wewe?" Sylvesta aliuliza.

"Zile zile ulizonunua."

"Zinasalimia."

"Nimesikia. Ya kushoto inachelewa kidogo. Nitaikaza."

Aliikaza. Siku iliyofuata gari liliwasalimia watu sita kati ya sokoni na kituo cha mabasi, na ya kushoto haikuchelewa tena. Pasikali, ambaye hakupenda hitilafu isiyo na maelezo, alichukua boksi tupu la plagi akaandika nyuma yake nani amesalimiwa na nani hakusalimiwa. Padri hakusalimiwa. Mkuu wa kituo cha polisi hakusalimiwa, ingawa alisimama mbele ya gari kwa muda mrefu akizungumza na Sylvesta kuhusu mpira. Muuza karanga hakusalimiwa. Mzee Mansuri mwenye duka la vipuri, ambaye ukoo wake ulitoka Ujiji na biashara, alisalimiwa mara mbili, akienda msikitini na akirudi. Pasikali aligundua pia kwamba yeye akiliendesha gari, au shemeji yake, halikumwinamia mtu. Lilisalimia pale tu Sylvesta alipokuwa kwenye usukani.

Mzee Mansuri ndiye aliyelitatua jambo hilo, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka lake.

"Fundi, gari lako lina adabu kuliko mwenyewe," alisema.

"Si langu, mzee. Mimi nimelishusha tu."

"Na umelishusha hasa. Sikiliza, bwana. Miaka minne najiuliza nani aliyeutangazia mji kwamba vipuri vyangu ni vya bandia. Lile lori lililoanguka Kitanga, lilikuwa la nani?"

"La Sylvesta."

"Lilikuwa limejazwa kokoto mara mbili ya uwezo wake. Breki zangu zilikuwa nzima. Wateja wakahama, na yeye kila Idi ananiletea mkono wa heri. Leo nimejibiwa kwa makofi, mbele ya msikiti." Alikunja kanzu yake magotini. "Muulize Asmahani ukuta wake ulipasuliwa na nini. Kwenye mkutano wa kata alisimama mtu akasema matofali yalikuwa mabichi. Mtu huyo hakusema kwamba siku hiyo alilipua mwamba."

Wiki ya pili Kasulu nzima ilikwisha kujua. Hakuitishwa mkutano wala kutolewa tangazo. Watu walianza tu kusimama kando ya lami saa ambazo Sylvesta hupita, wengine wakiwa wamevaa nguo za ibada, ili wajue kama walidhulumiwa. Waliosalimiwa waliitikia, wakarudi kazini wakiwa wameridhika kwa namna fulani, kwa kuwa shaka ni mzigo pia. Mwalimu mstaafu Athanase alisimama siku tatu mfululizo, gari likampita kila mara likiwa wima. Siku ya tatu alikung'uta suruali yake akaondoka amekasirika.

"Kwani mimi sina cha kudhulumiwa?" aliuliza.

"Uliza magari mengine, mwalimu," muuza karanga alimwambia.

Jeannette, Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, ambaye mumewe Cadet aliponda kokoto kwa Sylvesta, alikuja hadi gereji kutoa taarifa yake kama mtu anayeandikisha kizazi.

"Papa fundi, ile motokari ilinisalimia miye. Ilishuka chini kabisa, bien."

"Pole, mama."

"Cadet mashine ilimukata vidole viwili. Bwana mukubwa akamwambia: useme umeanguka na kinga, na baiskeli. Akasema vile, juu ya woga ya kufukuzwa. Na alifukuzwa tu." Alitazama orodha kwenye boksi. "Uniandike. Vidole havitarudia, lakini uniandike."

Pasikali alimwandika. Alijisikia vibaya kwa ajili ya rafiki yake, vibaya zaidi kuliko alivyojisikia kwa ajili ya wale waliodhulumiwa, na baadaye jambo hilo lilimwaibisha. Mtu akilala chini ya mwenzake miaka minne, akaona godoro lake likipinda kila usiku juu ya uso wake, humzoea hata ubaya wake. Aliamini Sylvesta aliharibikiwa na mali, na kwamba ndani ya mali hiyo bado alikuwapo kijana wa bweni aliyemwazima fulana ya mpira. Aliamini pia, bila kulifikiria sana, kwamba yeye hahusiki na orodha ile. Hakuwahi kusimama mbele ya gari Sylvesta akiliendesha. Alikuwa ama chini yake, ama ubavuni mwake, ama ndani. Na tangu salamu zilipoanza, Sylvesta alikuwa akiingia gereji kinyumenyume. Pasikali aliuona huo kuwa ustaarabu wa dereva anayejiandaa kuondoka bila kusumbua.

Tarehe kumi na tisa Sylvesta alikuja asubuhi, akaingia kinyumenyume, akashuka na kufunga mlango kwa nguvu.

"Liondolee hii tabia," alisema. "Jana limemwinamia mwanamke wa Kikongo mbele ya wageni wangu kutoka Dodoma. Mgeni mmoja akaniuliza kama ni kifaa cha kisasa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo."

Pasikali alilipandisha jeki. Alizikagua shokapu zote nne, akapima gesi, akatazama bushi, viungo vya usukani, nati za juu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alizikaza shokapu hadi mwisho, zikawa ngumu kama nguzo, wakalitoa, na gari likamwinamia mtu wa kwanza waliyekutana naye, safari hii kwa kishindo zaidi. Walirudi.

"Si ugonjwa," Pasikali alisema. "Limebakiza kunyoosha tu. Tairi la mbele kulia limeanza kuliwa kwa ndani, maana ulianza kulitembeza kabla sijamaliza. Nikilinyoosha barabara, pengine litatulia."

"Linyooshe leo."

"Leo sina gunia. Maharage tumeyauza juzi. Itabidi ukae wewe mwenyewe kwenye usukani."

"Mpakie shemeji yako."

"Shemeji ana kilo hamsini na nane. Mzigo wa gari hili ni wewe." Pasikali alikuwa tayari anasimika vyuma vyake na kuvuta uzi. "Litoe nje, kisha uingie kwa mbele. Taratibu, katikati ya nyuzi. Nitakuelekeza."

"Naweza kuingia kwa nyuma."

"Uzi unaanzia mbele, Wa Juu. Hilo unalijua tangu bwenini."

Sylvesta alizungusha funguo kidoleni. Kisha alilitoa gari nje, akaligeuza kwenye lami, akaliingiza kwa mbele. Pasikali alikuwa amesimama mwisho wa nyuzi, mikono juu, akiita kwa viganja: njoo, njoo, kulia kidogo, njoo. Gari lilikuja limenyooka. Zikiwa zimebaki hatua mbili alikunja ngumi, na gari likasimama.

Pua ikashuka. Ilishuka kiganja, ikashuka kiganja kingine, shokapu zilizokazwa hadi mwisho zikalegea kama si za chuma, hadi bampa likalala juu ya sakafu ya saruji. Halikuwahi kushuka hivyo kwa mtu yeyote. Likapiga makofi matatu, likabaki chini.

Pasikali aliitikia kwanza, kwa kuwa salamu haiachwi hewani. Alipiga makofi matatu. Gari likainuka. Kisha alikwenda dirishani.

"Zima gari," alisema.

Sylvesta akalizima.

"Uliandika nini?"

Sylvesta hakujifanya kutoelewa. Shule ile haikuwafundisha kujifanya. Iliwafundisha kunyamaza, na kama kunyamaza hakuwezekani, kujibu wima.

"Niliandika kweli."

"Kweli ipi?"

"Waliuliza mama wa mwombaji alizaliwa wapi. Niliandika alikozaliwa. Wewe hukuniambia uongo, na mimi sikuwaandikia uongo."

"Waliuliza na baba yangu?"

"Waliuliza."

"Ukaandika nini?"

"Niliandika sijui."

Pasikali aliweka mkono juu ya paa la gari. Paa lilikuwa na joto la jua.

"Ulikula mihogo yake," alisema. "Likizo mbili. Alikuchongea mpini wa jembe kwa mkono wake, ukaenda nao shuleni. Alipokufa ulibeba jeneza, upande wa kushoto, mbele."

"Nakumbuka."

"Sasa kwa nini?"

"Watu walikuwa wanakutaja kwa uenyekiti wa mtaa. Malori yangu yanapita mtaa huu. Ungeyazuia."

"Ningeyazuia yasipite mbele ya shule ya msingi."

"Ndiyo hivyo." Sylvesta alitazama usukani. "Nilifikiri ni mwezi mmoja, uchaguzi upite. Sikujua kwamba faili likilala halina wa kuliamsha. Baadaye nikaona umezoea. Hukuwa unalalamika, Wa Chini."

"Andika nyingine. Ange ana siku kumi na moja."

"Nikiandika nyingine wataniuliza ile ya kwanza niliiandika nikiwa na akili gani. Wakishaniuliza hilo, wataniuliza bibi yangu alivukia wapi. Nina watoto wanne."

"Mimi nina mmoja."

Nje lori la kokoto lilipita, kikombe cha chai kikatetemeka juu ya meza ya vifaa. Sylvesta alisubiri hadi kelele zikaisha.

"Utalimaliza leo?" aliuliza.

Kuna mafundi ambao wangelegeza nati moja na kuiachia barabara hukumu yake. Pasikali hakuwa mmoja wao, na hakuona fahari kwa hilo wala majuto. Alimwambia Sylvesta ashike usukani katikati na asitikisike. Akatandika plastiki zake zenye grisi. Akapima kutoka kwenye uzi, mbele ya rimu na nyuma ya rimu, kulia na kushoto, akageuza robo mzunguko, akapima tena. Kwa muda wa saa mbili Sylvesta alikaa kwenye kiti chake kama gunia, na hakuna aliyesema neno isipokuwa namba. Saa saba na nusu mchana magurudumu yote manne yalikuwa yanaangalia mahali pamoja. Pasikali alikunja nyuzi zake.

"Limenyooka," alisema. "Usiniite tena Wa Chini."

Asubuhi iliyofuata alivaa shati la mikono mirefu, akaenda ofisi ya vitambulisho pamoja na Ange. Karani wa dirishani, binti aliyeitwa Firdausi, aliliendea faili, akalifungua, akalisoma kwa uangalifu. Hakuwa mtu mbaya.

"Kuna jambo jipya, baba?" aliuliza.

"Lipo. Gari la mdhamini wangu limeniinamia."

"Nimesikia. Inasemekana liligusa sakafu."

"Liligusa."

"Hata kaka yangu lilimsalimia, wiki iliyopita." Firdausi aligeuza fomu, akaisoma nyuma yake, akairudisha mbele. "Tatizo ni kwamba hapa hapana mahali pa kuliandika. Kuna barua ya mdhamini. Kuikanusha barua ya mdhamini, inatakiwa barua ya mdhamini."

"Mwingine?"

"Yule yule. Ndiye aliyeapa."

Ange, ambaye alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amesimama nyuma ya baba yake muda wote, alisogea dirishani.

"Dada, na gari haliwezi kushuhudia? Mji mzima umeliona."

Firdausi alilifikiria swali hilo kwa haki.

"Gari limesajiliwa kwa jina lake," alisema. "Litahesabika kuwa yeye. Na yeye hajasema kitu."

Pasikali alikwenda Titye akamleta baba yake mdogo, mzee wa miaka themanini na moja, aliyeshuhudia kuzaliwa kwake. Maelezo ya mzee yaliandikwa, yakawekwa ndani ya faili, chini ya barua. Mzee Mansuri alikuja kwa hiari yake, akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa kupendeza. Nao uliwekwa chini ya barua. Padri aliandika. Faili likanenepa. Tarehe ishirini na saba Pasikali alikwenda machimboni Kitanga kwa miguu, akasimama langoni tangu asubuhi hadi jioni, akiwa ameshika karatasi tupu na kalamu. Sylvesta alitoka kwa gari mara mbili na kuingia mara mbili. Kila mara gari lilimwinamia Pasikali hadi likagusa vumbi, na kila mara vioo vilikuwa vimepandishwa.

Tarehe thelathini ilikuwa Jumatatu. Ofisi ilifungwa saa tisa na nusu, kama kawaida yake. Saa kumi chuo kilituma ujumbe kwenye laini ile yenye jina la jirani, kikimtakia Ange kila la heri.

Sylvesta hakuliuza gari. Alilipenda, na kusema kweli lilikuwa limekaa vizuri. Wageni wake walikwisha kuzoea, na kijana mmoja wa Kibondo aliyeliona alikwenda kwa fundi mwingine akataka la kwake nalo lifungwe kifaa hicho. Mama Asmahani alijaza ufa wa ukuta wake kwa udongo, ukafunguka tena. Cadet alijifunza kushika sepetu kwa vidole vitatu.

Jumatano, saa kumi alasiri, Pasikali na Ange walikuwa wamesimama mbele ya gereji wakiosha vipuri kwa petroli kwenye beseni. Sedani nyeusi ilikuja kutoka upande wa sokoni. Ilipowafikia ilipunguza mwendo, ikasimama, ikamwinamia Pasikali, ikapiga makofi matatu. Aliitikia huku mikono yake ikidondosha petroli. Gari likainuka. Lakini halikuondoka. Liligeuza magurudumu yake ya mbele kidogo sana, kiasi cha milimita mbili au tatu, hadi yakawa yanaangalia upande wa Ange. Septemba nzima lilikuwa limempita msichana huyo karibu kila siku bila kushuka hata ukucha, maana nafasi yake chuoni ilikuwa bado ipo. Sasa lilishuka hadi kwenye lami, likapiga makofi matatu, likasubiri.

Ndani ya gari Sylvesta alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele.

"Lazima niitikie?" Ange aliuliza.

"Lazima," baba yake alisema.

Ange alijifuta mikono kwenye kanga, akapiga makofi matatu. Gari likainuka, likayanyoosha magurudumu yake, likashika barabara ya Kibondo bila kuvuta kulia wala kushoto.